Mguu Wangu na Sakafu ya Baba

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali, mguu umeinuliwa juu ya mito, na pembeni yako ameketi ndugu anayekusimulia jinsi jirani fulani alivyovunjika vibaya kuliko wewe na sasa anacheza ngoma, basi haya nimekuandikia wewe. Madaktari wana vitabu vyao. Mimi nawaandikia wale wanaoambiwa "subiri" mpaka neno lenyewe linaisha ladha, na hasa wale ambao, kama mimi, hawawezi kusubiri bila kuwaza, na wakianza kuwaza hawajui kusimama.

Ugonjwa wangu ulikuwa wa mfupa. Ulianza kwa kuvunjika, na kuvunjika kulianza kwa ardhi, kwa hiyo itabidi nianze na ardhi.

Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo, cheti bado kinanukia wino, nikapata kazi kwenye shamba la kahawa juu ya Karatu, pale mibuni inapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Mwenye shamba alikuwa mjane wa Kizungu, Bibi Hilda, aliyebaki wakati wenzake wengi walipoondoka. Alikuwa na ng'ombe, ambao ndio walionipeleka pale, na alikuwa na farasi wanne, ambao chuoni hatukuwagusa. Malisho yalikuwa kwenye miteremko isiyofikika kwa gari, na miaka ile petroli ilikuwa kama sukari na sabuni, kitu cha kuulizia. Bwana mifugo alitakiwa apande farasi. Ndiyo maana nikajikuta kiwanjani.

Kiwanja cha farasi kilikuwa eneo la wazi nyuma ya zizi, limezungushiwa mbao, kama nusu ya uwanja wa mpira. Farasi wachanga walifundishwa pale, wageni wachache waliotaka kwenda msituni kwa farasi walijaribiwa pale, nami nikafundishwa pale pale. Ardhi yake ilikuwa udongo wetu mwekundu. Mtu wa Karatu hahitaji kuelezwa. Kiangazi ni vumbi juu na tofali chini, farasi akikimbia unasikia meno yako mwenyewe. Masika unageuka utelezi. Sabuni tuliyokuwa tunaipangia foleni mjini, kiwanja kile kilikuwa nayo ya bure. Kona ya chini ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu maji yote yalikimbilia huko, yakachanganyika na samadi iliyooza, na juu yake pakafanya utando uliokauka vizuri ukadhani ni pakavu.

Niliiogopa kona hiyo. Nilimwambia Bibi Hilda zaidi ya mara moja kwamba farasi ataanguka pale.

"Emanueli," aliniambia, "wewe ungezaliwa farasi usingetoka zizini."

Mtu mwenye wasiwasi hupata taabu mbili: kwanza haaminiwi, pili anapokuwa sahihi hana hata raha ya kuwa sahihi. Asubuhi moja ya masika nilikuwa juu ya Jivu, jike wa rangi ya majivu, mpole kuliko wote. Tulipofika kona ya chini utando ukapasuka, miguu yake ya nyuma ikaenda upande mmoja na sisi tukaenda upande mwingine. Jivu aliinuka. Mimi niliutazama mguu wangu wa kushoto, nikaona ugoko umetoboa ngozi, na pale palipotoboka pamejaa tope la kiwanja. Jambo la kwanza nililosema, na Bibi Hilda hakuacha kulikumbusha, ni "Niliwaambia."

Hospitali ya misheni Karatu waliniosha, wakaunyoosha mfupa, wakanifunga plasta kutoka vidole hadi pajani. Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda kama wanavyosema yataenda. Mama alikuja na makande. Dada yangu Theresia, aliyekuwa akisubiri matokeo ya mtihani wake na kwa hiyo akaonekana na wote kuwa hana kazi, aligeuzwa kuwa muuguzi wangu. Nilikuwa najiuliza tu kama nitapona kwa wakati wa kuogesha ng'ombe.

Halafu masika ikaisha, ukaingia ule ukungu wa baridi unaoshuka kutoka Ngorongoro na kukaa juu yetu mpaka mchana, na mguu ukaanza kunuka.

Hili nalisema wazi kwa kuwa hakuna aliyeniambia. Utausikia wewe kabla ya wengine, na utajidanganya. Mimi nilidai ni blanketi. Kisha nikadai ni jirani yangu wa kitanda, mzee wa watu, ambaye hakuwa na kosa lolote. Theresia aliinama, akanusa plasta, akaenda kumwita nesi. Walikata dirisha kwenye plasta, na ndani yake kulikuwa na usaha. Tope la kile kiwanja lilikuwa limeingia kwenye mfupa na kukaa. Juu ngozi ilikuwa inajaribu kufunga, inang'aa kabisa, huku chini kunachemka. Nilipoiona nikaikumbuka kona ya chini na ule utando wake, na nikachukia kwamba kiwanja kimenifuata mpaka kitandani.

Zikaja sindano za penisilini. Ukichomwa siku nyingi makalio yanakuwa magumu kama ubao, na nesi anabonyeza huku na huku akitafuta mahali pa huruma. Kulikuwa na nesi mmoja ambaye kabla ya kuivuta chachi kutoka kwenye kidonda alikuwa anasema, "Sasa." Neno hilo tu. Wengine walivuta huku wakiongea na mtu mlangoni. Ukiwa mgonjwa utajua tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani, na ukiwa nesi, tafadhali sema "sasa".

Chachi ilikuwa haba. Mama alipasua kanga zake kuukuu, akazichemsha, akazianika juani, akazikunja kama leso za harusi. Kila nilipofungwa bandeji ya maua mekundu nilijua ni kanga gani.

Baba alikuja Jumapili baada ya ibada, akiwa na koti lake. Alisimama miguuni pa kitanda, akauliza, "Umekula?" Nilianza kumweleza juu ya usaha, joto la mwili, na hofu yangu kwamba penisilini haifiki kwenye mfupa kwa sababu mfupa hauna nyama. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza tena, "Lakini umekula?"

Sindano hazikutosha. Nilipelekwa Arusha kwa gari la misheni, nimelazwa nyuma kati ya magunia ya maharage, na barabara yote ya kushuka kuelekea Mto wa Mbu nikaihesabu kwa mifupa. Pale hospitali kubwa walinifanyia operesheni. Walikwangua mfupa na kuondoa vipande vilivyokufa. Kimoja kilichelewa, kikatoka chenyewe baadaye wakati wa kusafisha, kidogo kama punje ya mchele. Nilikitazama kiganjani nikawaza kuwa hiki kilikuwa mimi, na sasa hakimo kwenye hesabu. Theresia alisema nikianza kumlilia mfu wa ukubwa ule, atakwenda zake nyumbani.

Plasta ilipoondolewa sikuutambua mguu. Ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, lakini wenye manyoya mengi meusi, na ngozi ikabanduka kwa magamba. Kifundo kilikuwa hakikunjiki. Kovu lilikuwa limezama ndani kama mfereji. Daktari, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliushika akaugeuza geuza.

"Mfupa umeunga," alisema, "lakini ni mfupa wa kuanza upya. Lazima utembee, vinginevyo kifundo kitakufa hivi kilivyo. Utembee mahali pa usawa, pasipo mawe, penye ulaini wa kupokea mguu. Na usianguke."

"Nikianguka?"

"Ukivunjika tena pale pale, na uchafu ukarudi, sitakuwa na mfupa wa kukwangua. Tutakata."

Angeweza kusema kitu kingine baada ya hapo, lakini alikwenda kitanda cha pili. Nikabaki na kazi ya kuwaza. Karatu nzima ni miteremko. Kwetu, upande wa Daa, ukitoka mlangoni unapanda au unashuka, na njia zote zina makovu ya maji na mawe. Barabara kuu ni changarawe na malori. Kanisani kuna usawa lakini ni saruji. Niliuzunguka mji wote kichwani nikiwa kitandani, na kila mara nikarudi mahali pale pale, pekee penye usawa, penye uzio wa kushikilia, na ambapo mtu anaweza kumwaga mchanga bila kumuudhi mwenye shamba la mahindi. Mahali penyewe ndipo paliponivunja.

Bibi Hilda alipokuja kunitazama nilimweleza. Alikubali upesi, nadhani kwa sababu alikuwa na maumivu yake moyoni ambayo hakuyataja. "Tengeneza," alisema. "Farasi nao watashukuru."

Baba naye alikuja Arusha, kwa basi, akiwa na koti lile lile. Muda wote wa kuona wagonjwa nilimpa maelekezo. Nilikuwa nimeyapanga. Kwanza mfereji upande wa juu ili maji ya mlimani yasiingie. Pili kuondoa samadi yote iliyooza. Tatu kusawazisha, pawe na mwinamo mdogo sana. Nne mchanga wa kwenye korongo, si mwembamba. Nilieleza kwa nini si mwembamba. Nilieleza kwato za farasi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva wa lori, alifunika uso kwa shuka.

"Umenisikia, Baba?"

"Nimesikia. Pawe sawa. Pasiwe na jiwe. Maji yasituame."

"Na mchanga juu."

"Pumzika, mwanangu. Nimesikia."

Nilibaki Arusha kwa ajili ya kidonda. Niliporudi Karatu, kiangazi kilikuwa kimeshika, vumbi jekundu limekaa hadi kwenye majani ya kahawa. Theresia alinipokea barabarani akiwa na magongo yangu, akaninong'oneza kabla sijashuka vizuri.

"Kaka, usikasirike."

"Nikasirikie nini?"

"Utaona. Mimi nimekuambia mapema tu."

Sasa, ili uelewe, ni lazima ujue ulikuwa ni msimu gani. Ilikuwa baada ya mavuno ya maharage. Msimu huo mtu yeyote kwetu akisikia mahali pa usawa, pasipo jiwe, pasipotuama maji, haoni kichwani ila kitu kimoja: sakafu ya kupuria. Ndicho kitu wanachokijua kwa mikono yao tangu utoto. Mama alikuwa amepika pombe, majirani wakaitwa kama wanavyoitwa kwa kazi ya pamoja, wakaja na majembe na miti ya kushindilia. Waliparua samadi yote. Wakaokota jiwe hadi la ukubwa wa jino. Wakamwagia maji, wakazungusha ng'ombe waliokopa kwa Bibi Hilda mwenyewe, kutwa nzima, mpaka udongo ukakaza. Wakashindilia kwa miti huku wakiimba. Mwisho wanawake wakapiga samadi mbichi iliyochanganywa na majivu, kwa viganja, kwa ustadi, ikakauka ikawa na ngozi moja isiyo na ufa.

Kiwanja cha farasi kilikuwa kinang'aa. Katikati yake lilikuwa rundo la maharage ya watu, na Baba alikuwa ameshika fimbo, anapura.

"Karibu nyumbani," alisema.

Nilipiga gongo chini. Lililia kama limegonga chungu.

"Baba. Mchanga uko wapi?"

"Mchanga wa nini?"

"Nilisema mchanga juu. Nilisema mara ngapi?"

"Ulisema mengi." Aliweka fimbo chini. "Mguu mbovu unataka mahali pa kusimama imara. Nani amewahi kumtembeza mgonjwa kwenye mchanga? Mimi nina miguu miwili mizima, nikipita korongoni nachoka. Tazama hapa. Hata yai halivunjiki kwa kubingirika."

"Mimi si yai."

"Ndiyo maana hayo mengine yako, na mchanga, nimeyaacha," alisema, akaendelea kupura.

Nilimwendea Bibi Hilda kwenye baraza yake, nikamuuliza aliwezaje kuwaachia. Alivua miwani. "Walifanya kazi kwa uhakika sana," alisema. "Nilidhani ndivyo mlivyofundishwa chuoni."

Farasi hawakuweza kukimbia pale. Jivu aliweka kwato moja, akasikia mlio wake, akarudi nyuma. Nami sikuweza kuweka mguu. Kila hatua ilipanda kutoka kisigino hadi kwenye kovu. Nilihamia chumba kidogo karibu na zizi, Theresia akinipikia, na Baba alipokuja kuchukua maharage yake nilikuwa nageukia ukutani. Mama alibeba salamu kutoka kwangu kwenda kwake na kutoka kwake kuja kwangu, na kila upande ulimkaripia yeye. Nawaonya wagonjwa wenzangu: ugonjwa mrefu unakupa haki ya kuwa mbaya, na haki hiyo ni tamu kwa muda mfupi tu.

Siku moja, kwa hasira hasa, niliamua kutembea juu ya sakafu ile ili nithibitishe kuwa haiwezekani. Theresia alikuwa amemwaga maji karibu na lango akiosha ndoo. Raba ya gongo ilikanyaga pale, ikateleza, nikaanguka kwa upande wa kushoto.

Nililala pale juu ya samadi na majivu nikiwaza neno "tutakata".

Walinibeba kwenye kitanda cha kamba mpaka hospitali Karatu. Mashine ya eksirei ilisubiri mtu wake, na mtu wake alisubiriwa kutoka sokoni. Tuliketi kwenye benchi refu la ukumbini, ambalo upande mmoja lina mguu mfupi, kiasi kwamba kila mgonjwa akiinuka walioketi wote wanayumba. Baba alikuja mbio kutoka Daa, bila koti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mjini bila koti. Aliketi mbali nami, kati yetu Theresia na bibi mmoja aliyeshikilia mkono uliovimba.

"Huyu si yule kijana aliyevunjwa na farasi?" bibi aliuliza.

"Ndiye," alisema Theresia.

"Na sasa je?"

"Sasa amevunjwa na baba yake."

Nilidhani Baba atafoka. Hakufoka. Alitazama miguu yake, yenye udongo mwekundu mpaka magotini. Bibi aliguna, akahamisha mkono wake. "Afadhali baba," alisema. "Farasi haji kukaa benchi."

Tulikaa sana. Watu waliinuka, benchi likayumba. Nilihesabu kila aina ya maumivu niliyokuwa nayo nikajaribu kuyatofautisha: hili la zamani, hili jipya, hili la kuwaza. Baba akauliza, bila kunitazama, "Umekula?" Nikasema hapana. Akatoa mfukoni hindi la kuchoma, baridi kabisa, akampa Theresia, Theresia akanipa mimi. Nililila lote.

Daktari wa pale Karatu aliinua picha dirishani. Ukungu wa mfupa wangu ulionekana, na ndani yake ile kazi yote ya Arusha, nene na mbaya kama fundo la kamba.

"Haujavunjika."

"Una uhakika? Pale pembeni kuna mstari."

"Huo ni ukucha wangu." Akashusha mkono. "Mguu wako umepona kuliko wewe. Lakini usinijaribie tena. Tafuta mahali palaini utembee."

Siku iliyofuata nilikusanya majembe. Nilikusudia kuibomoa sakafu ile yote, na nilikuwa nimewapata vijana wa shambani wa kunisaidia. Kabla hawajaanza, mvua za vuli zilishuka, za kwanza, nzito, na wote tukakimbilia chini ya paa la zizi. Hapo, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilitazama.

Maji yalikuwa yanaanguka juu ya sakafu ya Baba na kuondoka. Hayakusimama mahali popote. Yaliteleza kwa ule mwinamo mdogo sana, mwinamo niliousema mara moja tu kati ya mambo mengi pale Arusha, yakaingia kwenye mfereji uliochimbwa pembeni. Kumbe hilo alilisikia. Mvua ilipopungua, sakafu ilikuwa na unyevu tu usoni. Lakini kona ya chini, ile yenyewe, ilikuwa bwawa jekundu kama zamani.

"Mbona kona hawakuishindilia?" nilimuuliza Theresia.

Alinitazama kama mtu anayechoshwa na swali. "Baba alikataa. Watu walitaka kupitisha ng'ombe, akasema hapo imemwagika damu ya mwanangu, hapakanyagwi na ng'ombe wanaoswagwa na watu waliolewa. Wakacheka. Akasimama hapo mwenyewe mpaka walipomaliza."

Nilirudisha majembe. Nilikuwa na hasira mpya, kwa sababu sasa sikujua niielekeze wapi.

Nilipomweleza Bibi Hilda, alisema kwa kifupi, "Sasa una chini. Tafuta juu." Mchanga, alisema, aliwahi kuumwaga pale mara mbili, mumewe akiwa hai, na mara zote udongo uliumeza, kwa sababu chini hapakuwa na kitu cha kuushikilia. Niliomba kujua kwa nini hakuniambia hayo mwanzoni. Akasema hakuwahi kuniona nimenyamaza.

Nilimtuma Mama na salamu kwa Baba, safari hii bila ukali: kwamba nahitaji mchanga, na kwamba nahitaji kona imaliziwe. Baba alikuja na punda. Kona aliishindilia peke yake, kwa mti wake, kwa siku ambazo mvua iliacha nafasi, na samadi akaipiga Mama. Mimi niliketi juu ya uzio na magongo yangu. Tuliongea juu ya punda.

Mchanga wa kwanza ulikuwa mbaya. Ulikuwa mwembamba, una tope ndani yake, na ulipolowa ukafanya uji. Tulikwenda juu zaidi ya korongo, tukapata wenye punje kali zinazoshikana, si zile za mviringo zinazokimbiana chini ya kisigino. Tulimwaga mwingi mno. Jivu alizunguka mara chache akatoka jasho, na mimi shavu la mguu likawaka moto. Tukaupunguza, tukaupunguza tena, mpaka kwato ikawa inazama bila kupotea na kidole changu kikisukumwa chini kinagusa sakafu kabla ya kufika kwenye fundo la pili. Samadi tuliitoa kila siku. Kila jioni Theresia alifunga tawi la mgunga nyuma ya punda, akaburura kiwanja chote, kikabaki na mistari midogo kama kichwa kilichochanwa. Kiangazi kifupi cha baada ya Krismasi tulikinyunyizia maji ya birika la ng'ombe ili kisipeperuke. Nayaandika haya kwa kuwa huenda mtu mwingine ana farasi, au mguu, au vyote.

Na asubuhi nilitembea. Mchanga uliochanwa hausitiri kitu. Nilipogeuka niliona kila nilichofanya: mguu wa kulia umezama sana, wa kushoto umeparaza kama unaomba radhi, na pembeni yake matundu mawili ya magongo. Nilizichukia alama zile. Kila siku nilizisoma, nikazitafsiri, nikampelekea Theresia tafsiri. Kahawa ikachanua, harufu yake ikajaa hadi zizini, na matundu ya magongo yakabaki moja. Kifundo kilianza kukunjika kidogo, kwa mlio. Kidonda kilifunguka tena mara moja, kikatoa maji kwa wiki nzima, nikasema basi, nimekwisha, kikafunga. Hilo nalo litakupata. Halina maana unayoipa.

Masika ikarudi. Ilinyesha tangu alfajiri siku ile, na Jivu alihitaji kutolewa. Nilimfunga kamba, nikaacha gongo langoni, nikaingia kiwanjani kwa miguu yangu. Tulizunguka upande wa juu. Tulishuka. Karibu na kona ya chini Jivu alisimama, akainua kichwa, nami nikasimama naye, kwa kuwa hakuna aliyemwelewa kuliko mimi. Mvua ilikuwa inapiga mchanga na kuingia ndani yake, na chini yake, najua, ilikuwa inateremka juu ya samadi na majivu kwenda mferejini. Juu hapakuwa na utando wa aina yoyote. Niliweka mguu wa kushoto, nikauachia uzito wote. Mchanga ulikubali kidogo, kisha ukakataa. Niliweka wa kulia. Jivu akafuata.

Tulipomaliza mzunguko niligeuka kutazama. Kati ya alama za kwato zilikuwapo nyayo zangu, na nilizikagua kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, nikitafuta ile iliyoparaza. Hakukuwa na ya kuparaza. Kina cha kushoto na cha kulia kilikuwa kile kile.

Baba alikuwa amesimama nje ya uzio chini ya gunia la kujikinga mvua. Sijui tangu saa ngapi. Alipita kati ya mbao, akaja mpaka kwenye kona, akazitazama nyayo. Alichuchumaa, akaukwangua mchanga kwa kidole kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, mpaka akafika chini. Akagonga kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akisikiliza.

"Bado ipo," alisema.

Kisha akaufunika mchanga vizuri, akaupigapiga kwa kiganja, akaniuliza kama nimekula.